Fumbo la Sitara: Kuusoma Mraba wa Araucaria

Wahenga wametuachia usemi ambao haukosekani katika mazungumzo ya ushairi wetu: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Usemi huu unawagawa wasikilizaji mafungu mawili, na unalifanya fumbo kuwa ukuta. Nje wamesimama wajinga, ndani wameketi werevu, naye mshairi yuko mlangoni akichagua wa kumpitisha. Kwa miaka mingi nimesoma tungo za mafumbo kwa kipimo hicho, na sikuona haja ya kipimo kingine. Kilichonitia shaka hakikuwa utungo wa malenga yeyote. Kilikuwa kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu katika fasihi hata kidogo, yaani chemshabongo ya gazeti.

Nakusudia chemshabongo ya miraba iliyochapishwa katika gazeti la The Guardian la Uingereza tarehe 11 Januari 2013, chini ya jina la Araucaria. Katika makala haya nataka kuisoma kama tunavyosoma shairi: umbo lake, maudhui yake, na yale ambayo umbo limeyafanyia maudhui. Nadai kwamba fumbo lile halikuwa ukuta. Lilikuwa sitara.

Kwanza tuelewane juu ya sanaa yenyewe. Fumbo la miraba si la kale. Lilizaliwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, lilipotungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa amehamia Marekani. Lilipovuka bahari na kuingia Uingereza katika miaka ya 1920, watungaji wa huko walilitia ufundi mpya. Dokezo halikuuliza tena maana ya neno peke yake. Lilianza kuwa na milango miwili: mmoja wa maana, mwingine wa mchezo wa herufi au sauti, na milango yote miwili imefichwa ndani ya sentensi inayojifanya kusema jambo jingine kabisa. Sisi tuliocheza kinyume utotoni, tukizipindua silabi ili wakubwa wasitufahamu, hatutapata taabu kulielewa jambo hili. Nikisema, "Uchafu, kwa kinyume, ni kazi ya kisu, herufi 4," mwenye masikio atalichukua neno taka, atazigeuza silabi zake, naye atapata kata. Maana imemthibitishia mchezo, na mchezo umemthibitishia maana.

Kitendawili chetu kina huruma moja: msikilizaji akishindwa, huombwa mji, akautoa, akapewa jibu. Fumbo la miraba halina mji. Badala yake lina makutano. Neno la mlalo humkopesha neno la wima herufi yake, na aliyeshindwa hapa husaidiwa na alichokipata pale. Juu ya hayo kuna daraja nyingine ya ufundi, nayo ni fumbo lenye mada, ambamo majibu kadhaa yanashikamana kuwa jambo moja. Mfumbuzi huingia akidhani anatafuta maneno yaliyotawanyika, kisha hujikuta anasoma habari.

Katika daraja hiyo hapakuwa na wengi wa kumfikia Araucaria. Jina lake halisi lilikuwa John Graham, kasisi wa Kanisa la Uingereza aliyezaliwa mwaka 1921. Alianza kulitungia gazeti lile mwaka 1958, lilipokuwa likiitwa bado Manchester Guardian. Lakabu yake ni jina la kisayansi la jamii ya miti yenye asili ya kusini mwa dunia. Na mmoja wa miti hiyo, Waingereza wanauita kwa jina lenye maana ya kitendawili cha kumshinda nyani. Lakabu yenyewe, basi, ilikuwa fumbo. Wapenda ushairi watafurahi kujua kwamba dokezo lake mashuhuri kuliko yote lina jibu ambalo ni jina la shairi la Rupert Brooke juu ya nyumba ya kijijini Grantchester. Herufi 26 za jina hilo alizipangua na kuzipanga upya, zikazaa maneno ya kejeli juu ya lodi mwandishi wa riwaya aliyekuwa akiishi katika nyumba ile ile. Huyo ndiye fundi tunayemzungumzia, mtu aliyezoewa kwa ucheshi.

Sasa tuufungue mraba wa Januari 2013. Juu yake palikuwa na maelekezo ya sentensi moja. Kwa ufupi yalisema kwamba Araucaria ana neno la 18 wima, la neno la 19, na kwamba anatibiwa kwa 13 na 15. Hiyo ni sentensi yenye mashimo, na mwenye kuandikwa ndani yake ni mtungaji mwenyewe. Hapa tayari kuna jambo la kuhakikiwa. Kwa kawaida mfumbaji hajitaji. Yeye ni kama mpiga zumari aliye nyuma ya pazia, sauti yake inasikika na uso wake hauonekani. Araucaria amelifunua pazia kabla ya mchezo kuanza, kisha akaziba kwa namba yale maneno ambayo yangemaliza habari. Neno la kutibiwa limekwisha kumshtua msomaji. Hata hivyo hajui bado ashtukie nini.

Anaanza kujaza. Huyu anapata muuguzi, yule anapata machweo. Mwingine anaanza na kile kipimo cha kuingiza kamera mwilini kupitia kooni, au na mrija unaowekwa ili njia ya chakula isizibe. Maneno haya yote yamo, yametawanywa pande zote za mraba, na kila moja peke yake halina ubaya. Machweo ni neno la washairi. Muuguzi ni mtu mwema. Yakiwekwa pamoja, msomaji anaanza kuhisi baridi. Halafu inakuja 18 wima, nayo ni saratani. Inakuja 19, nayo ni umio. Na mwisho kuna 13 na 15, maneno mawili ambayo kwa Kiswahili cha hospitali tunayaita tiba shufaa.

Naomba tusimame hapa. Msomaji wa haraka atadhani kwamba kilele cha fumbo ni saratani. Mimi nasema kilele ni tiba shufaa. Saratani ni jina la ugonjwa, na mgonjwa huweza kupona. Tiba shufaa ni ile isiyokusudia kuondoa ugonjwa bali kupunguza maumivu na kumtunza mtu kwa heshima katika muda alio nao. Kwa maneno hayo mawili mzee wa miaka 91 amewaambia wasomaji wake kwamba hatarajii kupona, wala hakuandika popote neno kifo. Habari nzito kuliko zote imewekwa mahali ambapo msomaji ataifikia kwa kuunganisha namba mbili.

Je, kwa nini asiandike barua kwa mhariri? Kwa maneno yake mwenyewe aliliambia gazeti kwamba aliona ndiyo njia ya kawaida ya kulisema jambo lile. Mimi naiona sababu nyingine ndani ya umbo lenyewe. Habari ya kifo ikisemwa wazi, humfikia kila mtu kwa kasi moja, awe tayari asiwe tayari. Ikifumbwa kwa namna hii, kila mtu huifikia kwa mwendo wake. Aliyechelewa amecheleweshwa kwa huruma. Na kubwa zaidi ni kwamba mtungaji hakuliandika neno lile. Aliacha visanduku vitupu, na maelfu ya watu walioyapenda mafumbo yake waliliandika wao wenyewe, herufi kwa herufi, kwa kalamu zao. Sijui umbo jingine la maandishi linaloweza kumfanyia msomaji jambo hilo.

Nimesema silijui, lakini karibu nalijua. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unaanza na mama mgonjwa anayemwita binti yake akaribie na kuketi mbele yake, akiwa na wino na karatasi. Anamwambia kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, na kwamba katika muda huo hakupata kumwambia neno jema. Kisha anausia. Kwa umbo, hakuna tungo mbili zilizo mbali zaidi ya hizi. Mwana Kupona anasema wazi, beti baada ya beti, juu ya dini, adabu na unyumba. Araucaria hasemi kitu ila majina ya vitu. Lakini wote wawili wamemtia kalamu mkononi yule atakayebaki. Binti anayeandika maneno ya mama yake hawezi kujifanya hakuyasikia. Wala mfumbuzi aliyejaza visanduku sita vya neno la Kiingereza la saratani hawezi kujifanya hakulijua.

Mhakiki hana budi kusema pia yasiyopendeza. Zipo kasoro tatu. Ya kwanza ni kwamba miongoni mwa majibu limo jina la Macmillan, shirika la Uingereza ambalo wauguzi wake huwahudumia wagonjwa wa saratani. Msomaji wa Pate au Makunduchi angelijaza jina hilo kwa makutano ya herufi tu, bila kuguswa nalo. Mada iliyokita katika maisha ya mji mmoja hulipa fumbo uzito na hulipunguzia wigo kwa wakati mmoja. Ya pili ni ile ya wenye kuona kwamba si adabu kumfanyia mtu mchezo wa kifo chake asubuhi, anapokunywa chai. Siipuuzi hoja hii. Mfumbuzi hupata raha anapolipata jibu, na siku ile raha na huzuni zilimjia kwa pigo moja. Lakini raha ile ndiyo iliyomfungamanisha na mzee yule kwa zaidi ya nusu karne; kumwaga bila hiyo kungekuwa kumwaga mtu mwingine. Ya tatu ndiyo nzito. Shairi hurudiwa, na kila mara hutupa kitu. Fumbo likishafumbuliwa limekwisha. Kesho gazeti lile hufungiwa samaki. Hapo sina jawabu la kumtetea, isipokuwa kwamba mtu naye huja mara moja.

Turudi pwani. Muyaka bin Haji aliyafuma mafumbo yake katika ugomvi wa Mombasa na Unguja, na mikononi mwake fumbo ni silaha. Abdilatif Abdalla, katika shairi la "Mamba" lililomo katika Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973, aliandika akiwa gerezani, na humo fumbo ni ngao ya mtu asiyeruhusiwa kusema. Uhakiki wetu umezoea kazi hizi mbili. Fumbo la tatu, lile la kumsitiri anayesema na kumsitiri anayeambiwa, tunalitumia kila siku katika misiba na posa, na mara chache tumelipa nafasi katika nadharia. Anayepeleka habari ya kifo kwa jamaa haanzi na kifo. Huanza na hodi, akauliza hali, akasema mgonjwa alizidiwa. Hapo hakuna mjinga wala mwerevu. Upo upole wa mtu anayejua kwamba maneno yana uzito. Ndiyo maana naona usemi wa wahenga ni kweli, ila haukulimaliza fumbo.

Chemshabongo tulizozizoea katika magazeti ya Kiswahili huuliza visawe, kinyume cha neno, mnyama wa herufi tano. Zina faida kwa msamiati wa watoto, lakini mada hazina. Wengine husema lugha yetu haifai kwa sanaa hii, kwa sababu karibu kila neno huishia na irabu, na visanduku vya mwisho hujaa a na i. Nawajibu kwa mfano wa Wajapani: wao hawajazi herufi, hujaza silabi, silabi moja kila kisanduku. Sisi tunaohesabu silabi katika kila mshororo, tukaziita mizani, tungeshindwaje kupiga miraba ya mizani? Vina vingekutana na vina, na malenga angefanya kazi aijuayo.

Araucaria alifariki Novemba 2013, akiwa na miaka 92. Kwa kumkumbuka, na kwa kuwachokoza watungaji wa visiwani, natoa dokezo la kwanza la mraba huo ambao haujatungwa. Wanafalaki wetu watalitambua upesi, kwani neno tulilolipokea kwa Waarabu limebeba maana mbili zile zile ambazo neno la Kiingereza limezibeba. Nyota ya uvimbe, mizani nne. Jibu msomaji amekwisha kulijua. Lakini aliandike mwenyewe.