Wadudu wa Levon Biss, na kile kiwavi cha mahindi yetu

Wenzangu wa agronomia, juzi mmoja wetu alituma humu picha za Levon Biss, yule mpiga picha wa Uingereza, na karibu wote tukasema: eh, hii ni safi! Kweli ni safi. Kazi yake, Microsculpture, ilionyeshwa Oxford mwaka 2016, ndani ya jumba la makumbusho la chuo kikuu. Kila mdudu ni mkusanyo wa picha zaidi ya 8000. Sababu ukikaribia kitu kidogo, sehemu yenye kuonekana wazi inakuwa nyembamba kuliko karatasi. Kwa hiyo yeye anapiga, anasogeza kamera sehemu moja ya mia ya milimeta, anapiga tena, halafu kompyuta inaunganisha zile sehemu safi tu.

Lakini miye naona kuna kitu kinakosekana. Wale wadudu wamekufa, nyuma yao ni giza tupu. Jani hakuna, alama ya meno hakuna. Kila unywele uko wazi sawasawa, jicho halijui lianzie wapi. Kwa kupamba ukuta, nakubali.

Sisi tunahitaji usafi wa mahali pamoja. Kiwavi jeshi, kile kilichofika Afrika 2016, kinatambulika kwa Y iliyopinduliwa kwenye kichwa na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Basi mama mmoja alinitumia picha ya mahindi yake: jani lilikuwa wazi mpaka vumbi lake, kiwavi chenyewe ukungu. Nikakisia. Akanunua dawa, akapulizia. Kumbe ilikuwa kile kingine kinachoingia ndani ya shina, na kilikuwa kimeshaingia, dawa haikukifikia. Pesa yake ikaenda bure, na kosa ni langu, sikumuomba picha nyingine.

Na simu zetu hizi zinaweza. Usisogee karibu sana, simu itashindwa. Rudi nyuma kidogo, utakata picha baadaye. Shika simu sambamba na mgongo wa kiwavi, ili kichwa na mkia viwe umbali mmoja na lensi. Gusa kioo palepale penye kichwa. Mtu mwingine ashike jani, maana upepo njo unaharibu picha nyingi kuliko mikono yetu.

Halafu mkituma humu, tumeni mbili: kichwa, na mkia. Lile shamba zima litangoja.