Matabibu wa Ngozi wa Moshi
Mtu akaaye Ras Kitau, ng'ambo ya Shela huko Lamu, ambako jua na chumvi ya bahari huijaribu ngozi kila siku, hana budi kuwatukuza matabibu wanaohitimu katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kilichoasisiwa mwaka 1992 penye hospitali ya KCMC, kisha wakarejea katika nchi zao mbalimbali kuhudumu wilayani, ambako daktari bingwa wa ngozi ni nadra kama mvua ya kaskazi.

Fadhila yao kubwa ni jicho. Kwani vitabu vingi vya tiba vilitungwa kwa kutazama ngozi nyeupe, vikafundisha kutafuta wekundu, ilhali pumu ya ngozi katika mwili mweusi aghalabu hudhihiri kwa rangi ya kijivu au zambarau, pengine kwa vipele vidogo vya kwenye vinyweleo, na tabibu asiyelijua hilo huyadhania maradhi kuwa mepesi, mgonjwa akadhulumika.

Matibabu yenyewe hayana makuu: mafuta ya mgando baada ya kuoga, marhamu ya steroidi kwa kipimo na muda maalumu, na nasaha kwamba maradhi haya hayaambukizi. Nawashukuru zaidi kwa kukemea krimu za kujichubua, ambazo nyingi zina steroidi kali, nazo huikondesha ngozi hata ikafanya michirizi isiyofutika.