Hua na Njiwa: Ishara Moja kwa Majina Mawili

Msomaji wa Kalamba, katika Makueni, ana sababu ya kuitazama Biblia ya Kiswahili kwa jicho la karibu. Nzaui, mahali ambapo Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza mwaka 1895, ni jirani yake. Msomaji huyu ni mzawa wa Kikamba, na Kiswahili chake amekipata shuleni, sokoni na kanisani. Hali hiyo ndiyo inayoufanya uteuzi wa neno moja katika tafsiri ya mwaka 1952, ijulikanayo kama Union Version, uwe suala zito la kifasihi.

Katika tafsiri hiyo, ndege anayerudi safinani kwa Nuhu ni njiwa. Wanaouzwa hekaluni, kabla Yesu hajavipindua viti vya wauzaji, ni njiwa pia. Lakini Roho anaposhuka mtoni Yordani, na wanafunzi wanapoagizwa kuwa wapole, ndege hubadilika akawa hua. Kigiriki hakina mabadiliko hayo: neno ni peristera mahali pote panne, Agano la Kale la Kigiriki likiwamo. Isitoshe, Luka anaposimulia sadaka ya Mariamu, hua hutumika kwa ndege mwingine, yule Wagiriki waliyemwita trugon. Basi hua wa Yordani amevishwa jina la jirani yake.

Yamkini watafsiri walilikwepa neno njiwa kwa kuwa ushairi wa pwani ulikwisha kulitwika salamu za wapenzi. Tahadhari hiyo inaeleweka. Gharama yake ni kubwa mno. Kwa msomaji wa Kalamba, hua ni neno la mimbari tu, ilhali njiwa ni ndege halisi: mla nafaka, asiyeweza kukaa mbali na maji, ambaye mchungaji wa nchi kame humwona akielekea kisimani kila siku. (Njiwa wa Nuhu alitumwa kutafuta nchi kavu, wa Ukambani hutafuta maji. Kinaya hicho kingemfaa mhubiri yeyote.)

Kinachopotea zaidi ni utabaka wa ishara yenyewe. Sheria ya Walawi iliwaruhusu wasiomudu mwanakondoo kuleta ndege wawili. Njiwa alikuwa sadaka ya maskini, na waliomuuza hekaluni walijipatia faida kwa ufukara wa waumini. Roho, kwa hiyo, anashuka kwa umbo la ndege wa wanyonge. Msomaji anayekutana na hua Yordani na njiwa sokoni hawezi kuuona uhusiano huo, na ishara inabaki pambo jeupe la upole.

Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990 imemrudisha njiwa Yordani. Hata hivyo, Union Version ingali inasomwa, na hua yungali Yordani humo.