Kupakua

Lugha yetu ina neno moja kwa kazi mbili. Tunapakua wali kutoka sufuriani, tunapakua faili kutoka mtandaoni. Nilikuwa nalitumia neno hilo bila kulitazama, mpaka jioni niliyopiga magoti chini ya ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Zanzibar, nikiifundisha kompyuta kuukuu kupeleka video kwenye PlayStation 3 iliyokuwa chumbani kwa mama. Hapo nikaelewa kwamba kupakua ni ufundi kamili, wenye adabu zake.

Mama alitaka kuuona tena usiku tuliomsinga dada yangu. Video ilikuwa faili moja ya MKV, GB 6, ya saa mbili. Kwa flashi haikuwezekana: PlayStation 3 husoma flashi za mfumo wa FAT32, na mfumo huo haubebi faili inayozidi GB 4. Kuipandisha kwenye intaneti ni jambo ambalo hakuna aliyethubutu hata kulitaja. Usiku ule shangazi na mama wadogo walikuwa vichwa wazi, wamejifunga kanga, wanaimba na kucheza wao kwa wao, na bi harusi katikati amepakwa liwa. Video kama ile haitoki nje ya kuta.

Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, na waifai huzivuka ikiwa hoi. Nilipiga hesabu: GB 6 kwa saa mbili ni karibu megabiti 7 kila sekunde, mfululizo, bila kupumzika. Sikutaka kubahatisha. Nikavuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, nikaulaza ukingoni mwa ngazi mpaka ghorofani. Ruta haikuwa na bando siku hiyo, wala haikulihitaji, maana safari yote ilikuwa ni kutoka chini ya ngazi hadi chumbani kwa mama.

Kinachonipendeza zaidi katika kazi hii ni salamu. Mashine ya gemu inapotafuta video hupiga hodi. Hutuma ujumbe mfupi kwenye anwani 239.255.255.250, mlango namba 1900, ambapo wote wanaosikiliza husikia, ikiuliza kama yupo mwenye kupakua. Seva hujibu: nipo, na nilivyo navyo ni hivi. Utaratibu huo umo katika DLNA, makubaliano yaliyoanza mwaka 2003 kati ya kampuni kadhaa, Sony na Intel zikiwamo, ili vyombo vya watengenezaji mbalimbali vielewane ndani ya nyumba moja. Mara ya kwanza nilingoja karibu nusu saa pasipo jibu. Hodi ilikuwa inapigwa, lakini ngome ya usalama ya kompyuta iliizuia mlangoni kama bawabu asiyenijua. Nilipoiruhusu programu ya seva kupita, jina lake likatokea kwenye runinga, nami nikajikuta nimesema “karibu” kwa sauti.

Ila hodi hii haina neno la siri. Chumba cha juu kaka zangu wana Xbox 360, nayo hubisha kama mwenzake. Seva ya kupakua ovyo ingewawekea mezani usiku mzima wa wanawake. Kwa hiyo kabla sijaitia faili ile kwenye folda niliipa mashine ya mama anwani isiyobadilika, kisha nikaiagiza seva ihudumie anwani hiyo peke yake. Xbox ikabisha, seva ikanyamaza. Sijui sehemu nyingine ya kazi hii niliyoifanya kwa uangalifu kama hiyo.

Kisha chakula chenyewe. PlayStation 3 haifungui MKV, na wengi hapo hukimbilia kupika upya: kila picha inafumuliwa na kukandamizwa tena, kompyuta inapata joto, feni inalia, na ung'avu wa video unapungua. Kumbe MKV ni chombo tu. Jina lake kamili, Matroska, limetokana na wanasesere wa Kirusi wanaokaa mmoja ndani ya mwingine. Nilipokichungulia nilikuta picha za H.264 na sauti ya AC3, vitu ambavyo mashine ile huvila bila taabu. Basi nikahamisha kutoka sufuria hadi sahani, kutoka MKV hadi M2TS, picha zile zile, sauti ile ile. Dakika chache zilitosha, ilhali kupika upya kungeikeshesha kompyuta yangu. Naamini mkono hodari katika kazi hii ni ule unaoigusa video kidogo kuliko yote.

Nilitumia FFmpeg, programu aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Seva ilikuwa PS3 Media Server, iliyotolewa mwaka 2008. Zote mbili ni za bure. Watu nisiowahi kuwaona waliandika kazi yao, wakaiacha wazi, ikafika chini ya ngazi zetu. Nawashukuru kwa moyo wote.

Tulijaa chumbani, mlango umekomewa. Katikati ya video anaonekana bibi, aliyefariki mwaka uliofuata, ameshika bakuli la liwa, anaimba, anasahau ubeti, anacheka. Mama akachukua padi, akarudisha nyuma. Mashine ikaiomba seva baiti zile zile, seva ikazitoa. Bibi akasahau ubeti tena, akacheka tena. Mama akarudisha. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na huko chini taa ndogo ya kompyuta ilikuwa inapepesa kila anaporudisha.