Kutasa na Hasira ya Moyoni: Funzo la Wataita kwa Mhakiki wa Riwaya

Kitabu cha Grace Harris, Casting Out Anger, kilichochapishwa Cambridge mwaka 1978, kimewavutia wanaanthropolojia kuliko wahakiki wa fasihi. Jambo hilo ni la kusikitisha, maana suala linalokishughulisha ndilo linaloikabili riwaya ya Kiswahili tangu miaka ya 1970: mtu aliyeumizwa akajitenga na wenzake, atarudi kwao kwa njia gani?

Harris alikaa miongoni mwa Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, hasa katika milima ya Dawida, magharibi ya Voi. Anaeleza kwamba katika imani ya jadi hasira iliyofichwa moyoni haikuwa siri ya mwenye moyo peke yake. Iliweza kumdhuru jirani, mtoto au mifugo, hata kama mwenye hasira hakuyataka madhara hayo. Ugonjwa ulipoingia nyumbani, jamaa walikwenda kwa mpiga ramli kuuliza ni moyo wa nani uliokasirika. Akishatajwa, aliendewa. Naye alitia kinywaji kinywani, akakipuliza nje huku akitamka maneno ya kuiondoa hasira na kuwatakia wenzake heri. Kitendo hicho ndicho kutasa, na dini yenyewe iliitwa Wutasi.

Lililo muhimu kwa mhakiki ni kwamba mtu huyo aliendewa. Kiswahili kina msamiati mpana wa mtu aliyejitenga kwa uchungu: amesusa, amenuna, ana kinyongo, ameweka fundo moyoni. Lakini njia ya kulifungua fundo hilo aghalabu huanzia kwa mkosaji. Yeye ndiye aombaye radhi, na aliyekosewa hungojea. Mkosaji asipokuja, mlango hubaki umefungwa. Kwa Wataita walioanza ni wale waliouguliwa, nao huenda hawakuwa wakosaji hata kidogo. Walimwendea aliyejifungia kwa sababu kimya chake kiliwahusu. Aliyeumizwa alikuwa mtu mwenye uwezo fulani, na majirani waliuhitaji uwezo huo. Hadhi ya namna hiyo ni nadra kumpata mhusika mpweke katika riwaya zetu, ambamo kwa kawaida hupewa huruma tu.

Wapo watakaoharakisha kukumbuka utakaso wa hisia aliouzungumzia Aristotle. Ulinganisho huo haufai sana. Mtazamaji wa tanzia hutakaswa akiwa ameketi kimya, akitazama mateso ya mwingine. Mwenye kutasa alitamka mwenyewe, mbele ya watu waliomjua, na tamko lake lilipimwa kwa yale yaliyofuata.

Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), msomaji huyasikia mawazo ya Kazimoto karibu yote. Watu wanaoishi naye huyasikia machache mno. Mwisho wake ni kujiua. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna, msichana aliyefungiwa ndani na baba yake, hutoroka, huporomoka katika maisha ya mjini, kisha hurudi na kuolewa. Kuporomoka kwake kumesimuliwa kwa subira na ufundi mkubwa. Kurudi kwake kunakwenda mbio, na ndoa inafanya kazi ya hati ya kufungia kesi.

Kitabu cha Harris nacho kina upungufu wake. Anwani yake inatilia mkazo kuitupa nje hasira, ilhali tendo lenyewe ni la kubariki pia. Tena, kama ilivyo desturi ya taaluma yake, mfumo unaonekana vizuri zaidi kuliko mtu.

Kuna pia swali ambalo milima ya Dawida pekee haiwezi kulijibu. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wa Kasigau, kusini mwa Voi, ikawapeleka Malindi, ikiwashuku kuwa waliwasaidia Wajerumani. Wengi walifia huko. Waliosalia walikaa mbali na mlima wao hadi miaka ya 1930. Watu hao hawakususa, walitengwa. Hasira kama hiyo itamkwe mbele ya nani, ikiwa aliyeisababisha hana ujirani nao wala haugui kwa ajili yake? Nguvu ya kutasa ilitegemea imani kwamba watu hudhurika pamoja. Hakuna mpiga ramli ambaye gavana angemwendea.

Mji wa Voi unalirudia swali hilo kila siku, kwa kiasi kidogo. Reli na mashamba ya mkonge viliwakusanya hapo watu wa lugha nyingi, na tangu wamisionari walipofika Sagalla mwaka 1883 Wataita wengi wamekuwa Wakristo. Mtu akijifungia chumbani baada ya msiba, mpangaji wa chumba cha pili huenda hajui hata jina lake. Mwandishi atakayetaka kumrudisha mhusika kama huyo kwa watu hatafaulu kwa kuiazima kutasa kama pambo la kimila. Itambidi ampe jirani haja yake mwenyewe ya kubisha hodi: maji yaliyokatika, mtoto mwenye homa usiku, ufunguo uliopotea. Kisha ampe aliye ndani kurasa za kutosha za kutafuta la kusema kabla hajaondoa komeo.