Chelezo, Nakala Rudufu au Nakala ya Akiba?

Katika tafsiri za programu za kompyuta, zikiwamo zile za mfumo wa Linux, dhana moja imepewa majina matatu: chelezo, nakala rudufu, na nakala ya akiba. Mitaani husemwa bakapu. Dhana yenyewe ni nakala iwekwayo kando ili kazi irejeshwe iwapo ile ya asili itapotea. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utoe Jambo OpenOffice mwaka 2004, haiwezi kudaiwa tena kwamba Kiswahili hakimudu uwanja huu. Lililobaki ni kuchagua vema.

Neno chelezo lina mvuto wa pwani. Lakini kwa mvuvi wa Tanga au Pangani, chelezo ni kitu kieleacho, kimwonyeshacho wavu au nanga ilipo chini ya maji. Wavu ukichanika, chelezo hakimpi wavu mwingine. Huonyesha mahali, hakirudishi mali.

Nakala rudufu ina kasoro kubwa zaidi, kwa kuwa hupotosha matendo. Kurudufu ni kufanya maradufu, basi. Mtu akinakili mafaili yake katika saraka nyingine ya diski ile ile, hakika amerudufu. Lakini diski ikifa, zote mbili zimekufa. Vivyo hivyo amri ya rsync, ikiagizwa kuzifanya saraka mbili zilingane kabisa, hufuta katika nakala kila kilichofutwa katika asili. Kosa la asubuhi huwa hasara ya jioni.

Kwa maoni yetu, nakala ya akiba ndiyo istilahi ifaayo. Akiba hutengwa na matumizi ya kila siku, huwekwa mahali salama, na hukaguliwa. Jina lenyewe latoa mpango: kazi iwe na nakala tatu pamoja na ile ya asili, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Mkazi wa Tanga, ambako hewa ya chumvi hula vyuma, aweza kuweka diski moja kabatini na nyingine kwa ndugu yake Lushoto. Tena ajaribu kurejesha faili moja kila mwezi, kwani akiba isiyofunguka si akiba.

Wafasiri wanaombwa walipime pendekezo hili. Mwenye hoja ya kulipinga na ailete.