Nani Alivuka Ruvuma? Usimulizi wa Vita vya 1914–1918 katika Filamu na Video za Kufundishia

Filamu ya Das leere Grab (2024), iliyoongozwa na Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, inastahili kuoneshwa katika darasa la historia. Inawafuatilia wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, wakilitafuta fuvu lake. Imo pia familia ya Kaaya ya Meru yenye msiba wa aina hiyo. Kijana anayeitazama haambiwi kwamba ukoloni uliacha majeraha. Anauona ukoo ambao haujaanua matanga.

Nguvu hiyo, hata hivyo, ina sharti lake, nalo ni jina. Pana shujaa, pana ukoo, pana kaburi lenye pengo. Hata Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein ilikuwa na jina la kuegemea. Sharti hilo likihamishiwa Masasi na Newala, kwenye vita vilivyofuata, linageuka kikwazo. Mwanafunzi wa Chiungutwa akitafuta jina la mtu katika vita vya Wajerumani na Waingereza vilivyopita karibu na kwao, atakalolipata kwanza ni la Paul von Lettow-Vorbeck. Ataambiwa kwamba baada ya mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, jemadari huyo alirudi nyuma kupitia Chiwata na Newala, akavuka Ruvuma tarehe 25 Novemba.

Maelezo hayo ni ya kweli, na kasoro imo humohumo. Alirudi, akavuka: nafsi ya tatu umoja, kauli ya kutenda. Waliovuka walikuwa Wazungu wapatao 300, askari kama 1,700 na wapagazi wapatao 3,000. Zaidi ya nusu ya msafara imemezwa na kiambishi kimoja cha nafsi.

Video za mtandaoni zimezidisha upofu huu, kwa kuwa hupenda chombo kuliko mtu. Zeppelin L59 iliondoka Bulgaria Novemba 1917 na shehena ya dawa na risasi kwa ajili ya jeshi hilo, ikageuzwa njiani juu ya anga la Sudan. Haikufika Umakonde kamwe, lakini ndiyo inayochorwa, kuigizwa na kusimuliwa. Waliofika Umakonde kwa miguu, mizigo kichwani, juu ya uwanda wenye shida ya maji, hawana hata picha ya kutosha kutengenezea video ya dakika tano. Na hao ni wa upande mmoja tu. Kwa upande wa Waingereza, makadirio ya wapagazi waliokufa hukaribia 100,000, wengi kwa maradhi na njaa.

Msamiati nao hauna hatia kidogo. Neno mpagazi limerithiwa kutoka misafara ya karne ya 19, ambamo Wanyamwezi wengi walipatana ujira kabla ya kujitwisha mzigo. Likitumiwa bila maelezo kwa watu waliokamatwa vijijini, linawapa hiari ambayo hawakuwa nayo. Kariakoo ya Dar es Salaam imehifadhi jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi, ila wanaolitamka kila siku hawasikii vita ndani yake.

Kiswahili kina zana ya kurekebisha hili, tena ya sarufi ya kawaida kabisa. Alibeba ni mtu aliyetenda. Alibebeshwa ana mtu nyuma yake, hata asipotajwa. Vivyo hivyo alivuka na alivushwa. Kwa kuwa Historia ya Tanzania na Maadili sasa ni somo linalofundishwa kwa Kiswahili, uchaguzi wa mnyambuliko katika matini ya video ni uamuzi wa kihistoria, wala si urembo wa mtindo.

Wanaohimiza wanafunzi warekodi masimulizi ya wazee kwa simu wana hoja nzuri, lakini wamelitazama suala la lugha kwa wepesi mno. Katika Masasi na Newala masimulizi hayo huweza kutolewa kwa Kimakua, Kiyao au Kimakonde, lugha ambazo nazo zina kauli ya kutendesha. Hatari iko kwenye manukuu ya chini ya skrini, ambako nafasi ni finyu na kitenzi kifupi hupendelewa. Mhariri akipunguza silabi moja ili mstari utoshe, aliyebebeshwa atasomeka kuwa alibeba, na hakuna mwanafunzi darasani atakayeuliza ni nani aliyemtwisha.